Jinsi ya Kuikagua Kaunti ya Mashambani Kabla ya Kuhamia: Mfano wa Makueni

Anayekusudia kuacha mji na kuanzisha boma la kujitegemea mashambani, lenye maji yake, chakula chake na akiba ya kumvusha wakati wa dharura, asiende kulitazama eneo mwezi wa Desemba. Katika Kaunti ya Makueni mwezi huo mahindi yamesimama, kunde zimetanda, miembe imeinama kwa matunda na mchanga wa mito umelowa, wala hakuna shamba linaloonekana baya. Aende Septemba au wiki za kwanza za Oktoba, kabla ya mvua za vuli kuanza, wakati silanga nyingi, yaani mabwawa madogo ya udongo, zimebaki matope yaliyopasuka na punda wanaonekana njiani alfajiri wakiwa wamebeba mitungi. Kaunti hukaguliwa katika msimu wake mgumu kuliko yote, kwa sababu huo ndio msimu utakaoamua kama mwenye boma atawauza mbuzi wake kwa hasara au atakaa nao.

Nimeichagua Makueni kwa sababu karibu kila swali linalompasa mtu kuuliza kuhusu maisha ya mashambani nchini Kenya linapatikana humo: milima na nyanda kame, mito ya mchanga na chemchemi za volkano, ndovu, barabara kuu, reli, na historia chungu ya nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Anayefikiria Kitui, Taita Taveta, Tharaka Nithi au Kajiado atayatumia maswali yale yale, ingawa majibu yatatofautiana.

Gawa kaunti kabla ya kuihukumu

Kosa la kwanza ni kuizungumzia kaunti kama kwamba ni mahali pamoja. Makueni ina eneo la takriban kilomita za mraba 8,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 987,653. Kutoka vilima vya Mbooni, vinavyokaribia kimo cha mita 1,900, ardhi inateremka hadi nyanda za Mtito Andei zinazopakana na hifadhi ya wanyama ya Tsavo, ambako kimo ni karibu theluthi moja tu ya hicho. Vilima vya Mbooni na Kilungu hupata zaidi ya milimita 800 za mvua katika mwaka wa kawaida, ilhali nyanda za chini huweza kupata nusu yake au pungufu. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba "Makueni ni kavu" na yule anayesema kwamba "Makueni ni ya matunda" wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anaisemea tarafa yake.

Chukua ramani na uchore kanda tatu. Ya kwanza ni milima, yenye mvua ya kutosha, mashamba madogo, miteremko mikali na bei kubwa. Ya pili ni eneo la kati kuuzunguka mji wa Wote, lenye mito ya msimu, maembe, mbaazi na pojo. Ya tatu ni nyanda za Kibwezi, Makindu na Mtito Andei, zenye ardhi pana, joto kali na mvua ya kubahatisha, lakini pia zenye chemchemi zitokazo kwenye vilima vya Chyulu. Kama ningetakiwa nichague bila kuambiwa zaidi, ningeitazama kanda ya kati, mahali penye kilima kwa nyuma na mto wa mchanga kwa mbele, kwa sababu ekari mbili zilizo karibu na maji hulisha watu wengi zaidi kuliko ekari 20 ambazo maji yake yako umbali wa saa mbili.

Ukishagawa kanda, soma taarifa za ukame. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 za maeneo kame na nusu kame, na Makueni ni mojawapo. Taarifa hizo huiweka kaunti katika hatua fulani, iwe ni kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kujikwamua, na wasomaji wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Angalia umbali ambao kaya hutembea kufuata maji, angalia hali ya malisho, kisha utazame mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi sokoni. Kipimo hicho cha mwisho hueleza mengi kuliko takwimu ya mvua: ukame unapozidi, bei ya mahindi hupanda wakati ule ule ambapo bei ya mbuzi aliyekonda inashuka, na familia iliyotegemea kuuza mifugo ili inunue unga hubanwa pande zote mbili. Kusanya taarifa za Februari na za Septemba kwa miaka kadhaa, na uhakikishe kwamba miaka ya 2021 na 2022 imo, kwa kuwa kuanzia mwisho wa 2020 sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, zikiwemo kaunti za mashariki na kaskazini mwa Kenya, ilipitia misimu mitano mfululizo yenye mvua haba.

Jambo jingine huwashangaza wageni waliolelewa nyanda za juu za Bonde la Ufa au Magharibi. Huko kwao mvua kuu ni zile za Machi hadi Mei. Katika Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambamo Makueni imo, mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi, na mkulima anayeweka mbegu zake zote katika masika huweza kubaki mikono mitupu. Mwulize kila mwenyeji: katika misimu 10 iliyopita, mara ngapi ulivuna vya kutosha kufikisha msimu uliofuata, na ilikuwa vuli au masika?

Maji

Hapa ndipo pa kutumia siku nyingi zaidi, na sioni aibu kusema kwamba ukaguzi mwingine wote hauna maana mpaka jibu la maji lipatikane.

Anza na hesabu ya paa, kwa sababu haihitaji ruhusa ya mtu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati la mita za mraba 60, katika msimu wa vuli wenye milimita 250, hupokea lita 15,000. Ukitoa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayomwagika, yanayokauka na yale ya kwanza ya kuoshea paa, hubaki lita 12,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku hutumia lita 120, na tangi hilo huisha katika siku 100. Lakini kutoka mwisho wa Mei hadi mwisho wa Oktoba ni siku 150, ambazo zinahitaji lita 18,000. Msimu ukileta milimita 120 tu, paa lile lile litatoa chini ya lita 6,000, ambazo ni maji ya siku 48. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura hutaja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kima cha chini, na kituo cha maji kisichozidi mita 500 kutoka nyumbani, kwa hiyo hesabu ya lita 20 haina anasa yoyote ndani yake. Ongeza mifugo: ng'ombe wawili wa kienyeji wakinywa lita 30 kila mmoja na mbuzi 10 wakinywa lita nne kila mmoja, hizo ni lita 100 nyingine kila siku. Bila shaka paa ni la lazima, lakini peke yake halitoshi.

Baada ya paa, tafuta mto wa mchanga. Thwake, Kaiti na Muooni huonekana kama barabara pana za mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mgeni hudhani kwamba mito hiyo imekufa. Maji yamo chini ya mchanga, yamejificha na jua na mbu. Jamii za Ukambani zimeongeza maji hayo kwa kujenga mabwawa ya mchanga, yaani ukuta wa zege au wa mawe unaokingama mto ukiwa umesimama juu ya mwamba. Mafuriko ya kila msimu hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga mzito huweza kushika maji yanayofikia robo ya ujazo wote au zaidi. Ukilikuta bwawa la namna hiyo, usilisifu kwa urefu wa ukuta wake. Chimba kwa mkono au kwa jembe mwezi wa Septemba, pima kina mpaka maji yatokeze, kisha subiri uone shimo linajaa tena kwa dakika ngapi. Shika mchanga kiganjani: ukiwa mzito na wenye chembe kubwa, maji hupita na kutoka, ukiwa umejaa udongo laini, maji hubaki humo na hayachoteki. Udongo huo laini hutoka kwenye mashamba ya juu yasiyo na matuta, na kwa sababu hiyo ukaguzi wa mto huanzia mlimani.

Uliza pia nani anauza mchanga huo. Biashara ya mchanga wa ujenzi imekula mito mingi ya eneo hili na imeleta ugomvi mkubwa, kiasi kwamba mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga. Mto ukishanyang'anywa mchanga wake hubaki mwamba mtupu, na visima vya kando yake hukauka vyote. Ukiona malori yakiteremka mtoni usiku, hesabu kwamba maji yako ya miaka ijayo yanaondoka nayo.

Kisima kirefu cha mashine huonekana kuwa ndilo jibu la mwisho, na wengi wamemwaga akiba zao humo. Katika sehemu kubwa ya Makueni mwamba ni wa kale na mgumu, na maji yake ya chini mara nyingi huwa ya chumvi. Kabla ya kulipa mtambo, pata upimaji wa kitaalamu wa maji ya ardhini na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Lakini hata kabla ya hapo, tembelea visima vitatu vilivyo karibu, onja maji, nawa kwa sabuni uone kama inatoa povu, na uwaulize wenyewe kama maharagwe huiva kwa maji hayo. Kisha peleka sampuli maabara. Madini ya floraidi hayana ladha, na kiwango kinachokubalika katika maji ya kunywa hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Athi ni mto usiokauka, lakini unateremka kutoka Nairobi na taka za Nairobi, hivyo maji yake yafikirie kwa umwagiliaji wa tahadhari, si kwa kikombe cha mtoto.

Upande wa Chyulu mambo ni mengine. Vilima hivyo ni vya volkano changa, na mvua na ukungu huzama ndani ya mawe yenye matundu kisha hutokeza chini kama chemchemi huko Makindu, Kibwezi na Umani, na vilevile Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambako bomba huchukua maji mpaka Mombasa. Maji ni matamu na ya mwaka mzima, na kwa sababu hiyo hiyo yanagombewa. Jiulize shamba unaloonyeshwa liko juu au chini ya wale wanaomwagilia, kwa kuwa wa chini hupata kilichobaki.

Chakula na ghala

Mazao ya kujikimu katika eneo hili hayahitaji ubunifu. Panda yale ambayo ukame hauyaui yote kwa pamoja: mtama, wimbi, kunde, pojo, mbaazi, na mahindi ya muda mfupi. Kituo cha utafiti cha Katumani katika Machakos kilizalisha mahindi yanayobeba jina lake, yanayokomaa mapema na hivyo kuwahi mvua fupi, na shirika la utafiti wa kilimo lenye kituo hicho, KALRO, lina pia kituo cha Kiboko ndani ya Makueni kwenyewe. Nenda ukaulize. Maembe ni zao la fedha, na serikali ya kaunti ilianzisha kiwanda cha kuyasindika huko Kalamba, lakini embe huja lote kwa wakati mmoja na bei huanguka, kwa hiyo usiliweke katika hesabu ya dharura.

Hesabu ya ghala ni hii. Mtu mmoja akila gramu 400 za nafaka kwa siku, familia ya watu sita hula kilo 2.4, na kwa mwaka mzima hula takriban kilo 876, yaani karibu magunia 10 ya kilo 90. Ongeza gunia moja na nusu la kunde au pojo. Kaunti au kijiji kinachoweza kukupa magunia hayo katika vuli moja nzuri, pamoja na mahali pa kuyatunza mpaka vuli ya pili, kinafaa. Penye mavuno lakini pasipo na ghala salama, njaa imeahirishwa tu.

Nasisitiza ghala kwa sababu ya mwaka 2004. Mwaka huo sumu ya aflatoksini katika mahindi iliwafanya watu 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya waugue, na 125 kati yao walikufa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yenyewe yalikuwa ya nyumbani, yaliyovunwa na kuwekwa ndani yakiwa hayajakauka vizuri, na ukungu uitwao Aspergillus flavus ukastawi humo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, iwe ni ugali, isyo (mahindi na maharagwe) au muthokoi (mahindi yaliyokobolewa), na mara nyingi haionekani kwa macho. Aliyeweka akiba ya mwaka mzima bila kulijua jambo hili amejiwekea hatari ndani ya nyumba yake.

Kausha mahindi juu ya turubai, kamwe usiyakaushe juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Asiye na kipimo atumie chupa ya kioo iliyokauka: tia konzi ya punje na vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikiteremka yote chini, unyevu umeshuka chini ya takriban asilimia 15 tu, kwa hiyo yaanike zaidi kabla ya kuyaweka kwa muda mrefu. Mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka za plastiki ndani ya gunia la kawaida, huwaua dumuzi kwa kuwanyima hewa na ni bora kuliko dawa ya unga, lakini kumbuka kwamba mfuko huo haukaushi kitu. Ukifunga nafaka mbichi umefunga ukungu ndani. Punje zilizooza zisipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Unapokagua kijiji, omba kwa adabu kuonyeshwa ghala mbili tatu. Zikiwa zimeinuliwa juu ya ardhi, zina hewa na zina ngao za bati za kuzuia panya miguuni, umefika mahali penye watu waliojifunza.

Ardhi na majirani wa porini

Fanya sachi rasmi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za umiliki, katika ofisi ya usajili wa ardhi kwa mikono yako mwenyewe, na usikubali nakala ya sachi iliyoletwa na muuzaji. Linganisha jina la kwenye hatimiliki na mtu aliye mbele yako, mwite msoroveya athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka, na kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi iombwe ndani ya miezi sita baada ya mapatano, la sivyo mapatano hayo huwa batili. Mke au mume wa muuzaji awepo, na watoto wake watu wazima pia, hata pale ambapo sheria haiwadai watoto, kwa kuwa kesi nyingi za mashamba huanzia kwa mtoto ambaye hakuambiwa. Katika nyanda za Kibwezi na Mtito Andei kuna mashamba yaliyotokana na ugawaji wa skimu za makazi, na baadhi ya wauzaji wana barua ya ugawaji tu bila hatimiliki. Barua hiyo si hatimiliki, na bei yake ndogo isikushawishi.

Baada ya karatasi, tembea mipaka ukiwa na mzee wa kijiji. Mwulize, "Mzee, njia hii ya ng'ombe kwenda mtoni inapita humu tangu lini?" Njia ambayo haimo kwenye ramani lakini imo miguuni mwa watu haitafungwa kwa seng'enge bila ugomvi, na anayeifunga hujikosanisha na wale wale atakaowahitaji siku ya moto au ya mgonjwa.

Karibu na Tsavo na Chyulu, uliza habari za ndovu kabla ya kuuliza habari za udongo. Ndovu huingia mashambani hasa mazao yanapokaribia kuvunwa, na usiku mmoja hutosha kumaliza kazi ya msimu. Tazama kama kuna uzio wa umeme na kama una umeme kweli. Huko Sagalla, katika kaunti jirani ya Taita Taveta, wakulima hutumia uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki, na asali huwa faida ya ziada. Njia hiyo hufaa pale ambapo mwenye shamba yuko tayari kuitunza mizinga mwaka mzima. Nyani nao ni adui wa mchana, na dhidi yao hakuna uzio ulio bora kuliko macho ya mtu.

Siku ya dharura

Umbali wa hospitali upimwe kwa dakika, usiku, wakati wa mvua. Ukambani una drifti nyingi, yaani vivuko vya zege vilivyolala juu ya kitanda cha mto, na mto wa msimu huweza kujaa huku wewe umesimama mahali pasipo na tone la mvua, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Mnamo tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kwa hiyo hesabu drifti zilizopo kati ya boma na hospitali, uliza kila moja hufungwa kwa saa ngapi mto ukijaa, na uandike njia ya pili kama ipo. Shamba ambalo limezungukwa na mito miwili bila daraja lina sifa ya kisiwa, na mama mjamzito katika miezi yake ya mwisho anapaswa kuhamishiwa mjini kabla ya Novemba.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Wote, na Makindu kuna hospitali inayohudumia upande wa barabara kuu. Usiulize tu kama hospitali ipo. Ingia, umwulize afisa wa zamu kama chumba cha upasuaji hufanya kazi usiku, kama damu ipo, na kama dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ipo sasa hivi rafuni, kwa sababu kifutu na swila ni wa kawaida katika nyanda hizi na wao hawasubiri dawa iagizwe Nairobi.

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa na reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na yenye vituo vya Emali, Kibwezi na Mtito Andei, ni neema kubwa kwa kaunti hii. Hata hivyo, duka linalopata bidhaa zake zote kwa lori moja kila wiki halina akiba, na wewe ndiye utakayekuwa na akiba. Umeme vilevile: tarehe 25 Agosti 2023 giza liliifunika karibu nchi nzima, na Desemba mwaka huo huo likarudi. Sola ndogo ya taa na simu, redio ya betri, noti ndogo ndogo za fedha kwa siku ambayo mtandao wa M-Pesa hautapatikana, na mtungi wa gesi wa ziada hutosha kwa kuanzia. Redio usiidharau. Musyi FM na Mbaitu FM hutangaza kwa Kikamba, na habari ya mto uliojaa au soko lililofungwa huweza kufika huko kabla ya kufika kwingine, kwa hiyo mgeni ajifunze lugha mapema.

Watu watakaokuja ukiita

Ukambani kuna desturi ya mwethya, kikundi cha majirani wanaokusanyika kufanya kazi kwa zamu katika mashamba yao au katika kazi ya wote. Matuta ya fanya juu yanayoonekana kila kilima, ambayo mkulima huyachimba kwa kutupa udongo upande wa juu ili maji yasimame badala ya kukimbia, kwa sehemu kubwa yalichimbwa kwa mikono ya vikundi vya namna hiyo, wengi wao wakiwa wanawake. Mabwawa ya mchanga pia. Unapokagua kijiji, uliza mwethya ulifanya kazi mara ya mwisho lini na ulijenga nini. Penye jibu la "mwezi uliopita, pale mtoni", kuna kinga ambayo hakuna mgeni anayeweza kuinunua. Penye jibu la "zamani, enzi za mama yangu", panga kujitegemea zaidi na weka akiba kubwa zaidi. Kisha uombe kuingia, ukiwa na jembe mkononi, kabla hujajenga hata choo.

Ikiwezekana, usinunue katika mwaka wa kwanza. Kodi chumba kijijini kuanzia Julai hadi Novemba, chota maji wanapochota wao, nunua unga kwa bei wanayonunua wao, na uandike kila kitu daftarini: dakika za kwenda mtoni, bei ya mtungi wa maji, bei ya mbuzi, usiku ambao simu haikushika. Mvua ya kwanza ya vuli ikianza, toka uende kwenye shamba unalolitaka ukiwa na fungu la vijiti, hata kama ni usiku. Tembea maji yanakopita, na kila yanapokata njia ardhini, choma kijiti. Asubuhi chora mstari wa vijiti hivyo kwenye daftari, maana hapo hapatajengwa nyumba, ghala wala choo, na juu yake kidogo ndipo tuta la kwanza litakapochimbwa.